Bendera Kabla ya Namba

Siku mliyoniaga, bwana mkubwa mmoja aliyeletwa kutoka makao makuu, ambaye hajawahi kuniona wala mimi yeye, alisimama mbele ya keki akasema kwamba kwa miaka yote niliyoandika programu za mizani, hakuna mzani wangu hata mmoja uliowahi kusema uongo. Mkapiga makofi. Wengine wenu mlijua fika kuwa si kweli na makofi mkayapiga vilevile. Mimi nilikuwa na keki mdomoni, na nilivyolelewa mtu hasemi na chakula mdomoni, basi nikanyamaza. Sasa nimeshameza. Niko nyumbani Mtongwe, sina feri ya kuwahi, na nitasema.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye karakana ya Changamwe, mnaoandika programu za vitu vya chuma. Nani alipandishwa cheo lini na nani alirukwa, hayo mtayasikia kwa wanaopenda kuyasema. Mimi nataka kuwaambia habari ya mstari mmoja wa programu na mwanamke aitwaye Kadzo. Lakini lazima nianzie mbali kidogo, kwa sababu kosa lenyewe lilianzia mbali.

Nilipoingia karakana ile nilikuwa na cheti cha chuo ndani ya bahasha ya kaki na kiburi kisichoenea ndani ya bahasha yoyote. Nilikabidhiwa kwa Mzee Ouma, mtu wa bara, aliyekuja Mombasa kufanya kazi bandarini kisha akahamia kwenye mizani. Sisi watu wa huku tuna tabia ya kumsahihisha mgeni Kiswahili kabla hajamaliza kuomba maji, na wiki ya kwanza nilimsahihisha Mzee Ouma kutwa kucha. Alinivumilia. Wiki ya pili akaniuliza kama Kiswahili changu kizuri kinaweza kuuambia mzani wa kiwanda cha chumvi uache wazimu, maana yeye ulikuwa haumsikii.

Ule mzani ulikuwa na ugonjwa wa ajabu. Mzigo ukipanda taratibu kutoka kilo mia mbili hamsini na tano kwenda mia mbili hamsini na sita, mara mojamoja kioo kinaruka hadi mia tano na kumi na moja, halafu kinarudi kama hakijafanya kitu. Wenye kiwanda walishaubadilisha waya, wakaubadilisha kioo, na mmoja wao alileta mtu wa kuusomea dua. Nilikaa na mzani ule siku tatu. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira, kwa sababu kila nikiita watu waje waone, unapima sawasawa.

Mzee Ouma hakunipa jibu. Alinipa karatasi na kalamu akaniambia nichore jinsi ile mashine inavyoweka namba. Prosesa za siku zile zilikuwa ndogo, kijisanduku kimoja cha kumbukumbu hakiwezi kubeba zaidi ya mia mbili hamsini na tano, kwa hivyo uzito uligawanywa katika vijisanduku viwili. Msomaji anasoma cha kwanza, halafu cha pili. Sasa, akishasoma cha kwanza, kihisio kikipiga kengele kuwa uzito umebadilika, prosesa inaacha kila kitu, inaandika uzito mpya kwenye vijisanduku vyote viwili, kisha inamrudishia msomaji nafasi yake. Msomaji hajui kitu. Anaendelea na cha pili. Ameshika nusu ya namba ya zamani na nusu ya namba mpya.

“Mtu anakupa namba yake ya simu,” Mzee Ouma aliniambia, “mko katikati anabadilisha laini. Wewe utampigia nani?”

Dawa ilikuwa kuizima kengele kabla ya kusoma na kuiwasha baada ya kusoma, ili kusoma kuwe tendo moja lisilogawanyika: ama limefanyika lote, ama halijafanyika kabisa. Mistari miwili tu. Siku tatu za kutukana waya zilikuwa za bure. Tangu siku ile niliacha kumsahihisha Kiswahili, na nikaanza kumsikiliza.

Lakini nilimsikiliza nusu, na hapa ndipo panaponiuma. Nilipokwisha kuandika ile mistari miwili, juu yake niliandika onyo kwa watakaokuja: “Usiondoe.” Mzee Ouma akaisoma, akavua miwani, akasema nimeandika amri, na amri mtu huivunja siku akichoka nayo. Akanitaka niandike sababu. Niliandika, kwa kununa. Alinirudilia hilo mara nyingi kwa miaka tuliyokaa pamoja, mpaka nikawa namaliza sentensi zake: andika sababu, si amri. Alipostaafu akarudi kwao, niliachiwa skopu yake ya kutazamia mawimbi ya umeme, bisibisi zake za mpini mwekundu, na sentensi ile. Skopu na bisibisi nilivitunza vizuri sana.

Miaka ikaenda. Mitambo ya mizani ikabadilika, zikaja prosesa mpya zenye viini viwili, yaani kichwa kimoja chenye akili mbili, na akili zote mbili zinatumia kumbukumbu moja. Tulizifurahia sana. Kiini cha kwanza tulikipa kazi ya kusoma uzito kutoka kwenye vihisio vya chini ya jukwaa, kuuonyesha kwenye ubao wa nje, kuuandika kwenye kumbukumbu, kisha kupandisha bendera. Bendera si kitambaa, ni sufuri inayogeuka moja, maana yake “uzito uko tayari.” Kiini cha pili kinaikodolea macho ile bendera, ikipanda tu, kinachukua uzito na kuchapa tiketi. Namba kwanza, bendera baadaye. Niliyaandika mimi kwa mpangilio huo, mstari chini ya mstari, na mtoto wa darasa la tatu angeelewa nini kinatangulia.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Kadzo alinipigia simu. Kadzo alikuwa karani wa mzani kwenye yadi moja ya malori pale Changamwe, mwanamke wa Kigiriama wa miaka arobaini hivi, anakaa Mishomoroni, mpole wa sauti. Yeye ndiye anayeketi kwenye kibanda kando ya jukwaa. Lori likipanda anabonyeza kitufe, tiketi inachapwa, anampa dereva, lori linaondoka. Aliniamkia shikamoo kwa utaratibu wote, kisha akaniambia kwamba mara nyingine mashine inachapa uzito wa gari lililokwisha ondoka.

Nilimwambia azime, kisha awashe.

Alipiga tena baada ya siku chache, maneno yaleyale. Nikamwambia vilevile, na nikaongeza kwamba labda anabonyeza kitufe mapema. Mara ya tatu nilikuwa nakula, nikampa simu Mutiso amjibu. Mutiso ndiye kijana, sasa si kijana, ana watoto watatu, aliyekuwa akijiandaa kuchukua kazi zangu. Mtu wa Machakos, hodari, ana mikono mepesi na subira nyepesi zaidi. Naye akamwambia azime, awashe. Jamani, tulikuwa tumesoma sote wawili ili tuje kumjibu mtu vile.

Halafu likatokea lililotokea. Lori la vigae vya sakafu lilitoka ile yadi na tiketi inayosema ni jepesi, likafika mbele ya safari likakaguliwa barabarani, likaonekana limezidisha uzito vibaya sana. Dereva akaonyesha tiketi. Meneja wa yadi akafuatilia, akakuta tiketi nyingine mbili tatu za namna hiyo ndani ya mwezi, na zote zimetoka kwenye kibanda cha Kadzo, katika zamu yake. Akakata shauri papo hapo kwamba Kadzo anakula mlungula na kubadilisha tiketi. Akamsimamisha kazi, akamwita kwenye kikao siku ya Ijumaa ajieleze kabla hajafukuzwa.

Meneja alikuwa mtu wa kufuata taratibu, basi akatuandikia barua pia. Iliuliza swali moja: mtambo wenu unaweza kuchapa uzito usio sahihi? Barua ikaletwa mezani kwangu kwa kuwa programu ni yangu. Nilijibu siku hiyohiyo, kwa neno moja na sahihi. Hauwezi.

Sikupima. Sikufungua hata programu. Niliulizwa kuhusu kazi yangu, nikajibu kama mzazi aliyeulizwa kuhusu mwanawe.

Jumatano asubuhi Kadzo alikuja karakana. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, katikati ya wiki, na amebeba daftari la shule lenye jalada la bluu. Aliniamkia, nikaitikia marahaba, nikamkaribisha kiti akakaa pembeni yake tu, kama mtu anayejua atainuliwa. Aliliweka daftari juu ya meza. Alikuwa amelichora mistari kwa rula: safu ya namba ya gari, safu ya uzito ulioonekana kwenye ubao wa nje, safu ya uzito wa tiketi. Magari ya wiki nyingi. Alianza kuandika, akasema, siku ile nilipompa simu Mutiso.

Nilimuuliza anapata wapi nafasi ya kuandika yote yale na malori yamepanga foleni. Akanieleza kwamba taa za kijani na nyekundu za pale mzani zilishakufa zamani, na hakuna aliyekuja kuzitengeneza, kwa hivyo yeye huruhusu magari kwa kutoa dirishani kipande cha leso ya kijani. Na hakitoi kamwe kabla hajamaliza kuandika. Dereva apige honi mpaka betri imfie, kitambaa hakitoki. Aliona kwamba akikitoa kwanza, gari linaondoka, namba ya ubaoni inafutika, na yeye anabaki na ya kubahatisha.

Nilikuwa nikisikia nusu, kwa sababu macho yalikuwa kwenye safu zake. Mistari mingi sana ilikuwa sawa, ubao na tiketi zinakubaliana. Kisha ninakuta mmoja umepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Uzito wa tiketi si wa ubao. Nikaangalia mstari wa juu yake, na pale pale uzito ule upo, umekaa, ni wa lori lililotangulia. Nikaruka kurasa, nikakuta mwingine mwekundu. Vilevile. Mwingine. Vilevile. Si namba ya ovyo hata mara moja. Kila mara ni uzito wa gari lililokwisha ondoka, maneno yaleyale aliyoniambia kwenye simu tangu siku ya kwanza.

“Kwa nini hukumwonyesha meneja hili daftari?” nikamuuliza.

“Nilimwonyesha, mama. Akasema daftari naliandika mimi, lakini mashine haiandikiwi na mtu. Kisha akanionyesha barua yako.”

Nilijua tangu pale kwamba mashine imekosea. Kujua si kuthibitisha, na kikao kilikuwa keshokutwa. Nilimwambia Kadzo aniachie daftari, na aliliacha kwa shingo upande, akanitaka nimwandikie kikaratasi kuwa nimelipokea. Nikamwandikia. Alikuwa na haki yake.

Sasa mnisikilize, kwa maana siku ile ya Jumatano ndiyo siku niliyokasirika kuliko zote katika maisha yangu ya kazi. Niliiendesha programu kwenye laptopu yangu, haikosei. Nikaizungusha saa mbili, haikosei. Nikaipeleka kwenye mtambo wa akiba, wa aina ileile ya yadi, nikaweka mistari ya kuchapa kwenye skrini kila hatua ili nione kosa linaingilia wapi, na kosa likatoweka. Nikaiondoa ile mistari, baada ya muda kosa likatokea mara moja na kujificha. Nikairudisha, kimya. Kosa linalokimbia ukilitazama, wallahi, linaweza kumfanya mtu aliyetulia atupe kikombe. Sikutupa. Nilikiweka chini kwa nguvu tu, kikavunjika.

Mutiso naye alikuwa ananiongezea moto. Kwanza alitaka tukilaze kiini cha pili milisekunde kumi kabla hakijachukua uzito. “Itashika tu, madam,” akasema. Nikamuuliza kwa nini kumi na si tisa. Kisha akaenda kuibandika bendera ile alama ya kuiambia kompaila, mtafsiri wa programu zetu kwa mashine, isiweke namba mfukoni, kila mara ikaisome upya. Akaibandika na kwenye uzito, akaibandika na kwenye vitu visivyohusika, kama mtu anayepaka dawa ya mbu. Ile alama inaizuia kompaila tu. Prosesa yenyewe haijui habari zake wala haizitaki.

Na hapo, katika kumgombeza, ndipo nilipokisikia nilichokuwa nasema. Kompaila ilikuwa imeyaacha maneno yangu kwa mpangilio wake, niliyakagua. Aliyebaki ni prosesa. Hizi prosesa ndogo za mitambo zina haraka. Ukiziandikia vitu viwili ambavyo machoni pao havihusiani, zinaweza kukifikisha cha pili kabla ya cha kwanza, kwa kuwa njia ya cha pili ilikuwa wazi. Kwa kiini kinachoandika hakuna tofauti. Kikisoma chenyewe kitaona kila kitu sawa. Anayeumia ni jirani. Jirani anaona bendera imepanda, anakimbilia namba, kumbe namba mpya bado iko njiani. Anaikuta ya zamani imekaa mahali pake, anaichukua, anaichapa. Uzito wa gari lililokwisha ondoka. Na laptopu yangu haikuonyesha kosa kwa sababu prosesa yake ni ya aina nyingine, yenye adabu, inayofikisha maandiko kwa zamu.

Kuna amri ya jambo hili, tunaiita kizuizi. Upande wa mwandishi unaiweka baina ya namba na bendera, inaiambia prosesa kwamba yote yaliyo kabla ya hapa yaonekane kwanza, ndipo bendera ipande. Upande wa msomaji unaweka ya pili, asiiguse namba kabla hajaiona bendera. Ukiweka upande mmoja tu, umefunga mlango na kuacha dirisha. Nilikuwa nayajua haya. Nilishawafundisha watu haya. Na kwenye programu yangu mwenyewe hakikuwemo hata kimoja.

Lakini kilikuwa kimebaki kitendawili kimoja. Programu ile ilikuwa imefanya kazi kwenye yadi miaka mingi bila malalamiko. Mbona kosa limeanza mwaka huu? Nilimuuliza Mutiso kama kuna kilichobadilishwa. Akakuna kichwa, akasema hakuna cha maana, alifanya usafi tu miezi michache nyuma, akaondoa mistari isiyo na kazi. Nikamtaka anionyeshe. Miongoni mwa aliyoyaondoa ulikuwepo mstari mmoja, baina ya namba na bendera, uliochapa uzito kwenye waya wa majaribio ambao hakuna mtu aliyeuunganisha na chochote. Juu yake palikuwa na neno moja na herufi moja: “Usiguse. M.”

Kazi yenyewe ya kuchapa ilikuwa na kufuli lake ndani, na kufuli hilo, pasipo mtu kulituma, lilikuwa likifanya kazi ya kizuizi. Tena ilichukua muda mrefu kiasi kwamba namba ilikuwa imekwisha fika zamani bendera ikipanda. Mstari wa kipuuzi ulikuwa umeshikilia mzani mzima, na Mutiso aliuondoa kwa kuwa ulionekana wa kipuuzi. Simlaumu. Nilimlaumu aliyeuweka. Nilimtukana kwa takriban saa nzima huku nikiandika programu ya majaribio. Nilisema hana adabu ya kazi, nilisema alificha ugonjwa badala ya kuutibu, nilisema mtu wa aina hiyo hakupaswa kupewa hata kikokotoo.

Kumbukumbu za programu huhifadhi kila mstari na aliyeuandika, na Mutiso alikuwa amezifungua. Akaigeuza skrini upande wangu. M. alikuwa Mwanaidi. Mwanaidi ni mimi.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Tulikuwa tunafunga mtambo wa kwanza wa viini viwili, mwezi wa Ramadhani, jua linakwenda, na mimi nataka kuvuka feri niwahi kufuturu nyumbani. Nikaona tiketi moja imekosea. Nikaweka mstari wa kuchapa ili nione, kosa likaondoka. Nilingoja kidogo, halikurudi. Foleni ya feri ya Likoni nilikuwa naiona kwa akili toka Changamwe. Nikaandika “Usiguse,” nikatia herufi yangu, nikafunga begi. Nakumbuka mpaka futari ya jioni ile, mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga. Sababu ndiyo sikuikumbuka, kwa kuwa sikuiandika.

Programu ya majaribio niliyoiandika ilikuwa fupi. Kiini cha kwanza kinaandika namba, kinapandisha bendera. Cha pili kinaiona bendera, kinachukua namba, kinahesabu makosa kimyakimya bila kuchapa lolote mpaka mwisho. Niliiwasha kwenye mtambo wa akiba nikaenda kuchemsha chai. Kabla sijaimimina ilikuwa imekosea. Nikaurudisha ule mstari wangu wa aibu, makosa yakakoma. Nikautoa, yakarudi. Nikaweka vizuizi viwili mahali pake, nikaiacha ikizunguka mpaka Alhamisi alasiri. Haikukosea tena.

Ijumaa asubuhi tulikwenda yadi mimi na Mutiso, na mtambo wa akiba ndani ya kikapu cha sokoni. Ndani ya chumba alikuwa meneja, karani wake wa kuandika, na Kadzo na nguo zake zilezile za kanisani. Barua yangu ilikuwa mezani juu ya faili. Meneja alidhani nimekuja kuitetea, akanivutia kiti cha upande wake. Nikaketi upande wa Kadzo.

“Mashine ilikosea,” nikamwambia, “na aliyeikosesha ni mimi. Huyu alinipigia simu mara tatu kunieleza. Sikumsikiliza.”

Meneja akaigonga barua kwa kidole akauliza mbona nimeandika hauwezi. Nikamjibu kwamba niliandika bila kupima, na kwamba barua ile ni ya uongo. Akasema hayo ni maneno mazito. Nikamwambia ni mazito ndiyo, na yaandikwe. Tukauwasha mtambo mbele yake, akauona ukikosea, tukaweka vizuizi, akauona haukosei. Kisha nikamfungulia daftari la bluu, nikamwonyesha mstari mwekundu na wa juu yake, mwekundu na wa juu yake, mpaka akanishika mkono akasema inatosha, ameelewa. Aliniomba barua nyingine. Niliiandika palepale kwa mkono, na ile haikuwa ya neno moja.

Alimwambia Kadzo arudi kazini Jumatatu. Hakumwomba radhi. Mimi nilimwomba, nje, kwenye jua, huku Mutiso akijifanya anapanga waya kikapuni. Kadzo aliitikia kwa kichwa, akaniomba daftari lake. Nikamrudishia, naye akanirudishia kile kikaratasi cha kupokelea.

Wiki yangu ya mwisho lile neno langu moja sikulirudisha kwenye programu; mahali pa vizuizi niliandika maelezo ya mistari kumi na tisa: kilichotokea, kwa nini kilitokea, kwa nini laptopu haikionyeshi, kwa nini vizuizi ni viwili na si kimoja, na kwamba aliyeligundua kosa ni karani wa mzani. Mutiso alinung’unika kuwa maelezo ni marefu kuliko programu. Nilimwambia siku akiyapunguza nitavuka feri nije kumfuata. Hata nikiwa na mkongojo.

Baada ya zile keki zenu, siku moja nilipita pale yadi kumwona Kadzo. Foleni ilikuwa ndefu. Alinikaribisha kibandani, akanipa kiti, nikaona juu ya meza pana daftari, jipya, jalada jekundu, limechorwa kwa rula safu zilezile tatu. Nikamwambia kwamba mashine imekwisha tengenezwa, ameshuhudia mwenyewe, sasa anaandika ya nini?

“Mashine naiamini, mama,” akasema. “Nyinyi ndio bado.”

Lori likapanda jukwaani. Nilivuta kiti karibu na dirisha, nikamsomea namba ya ubaoni, nikamsomea na ya tiketi, naye akaandika. Dereva akapiga honi. Kadzo akamalizia tarakimu ya mwisho, akaweka kalamu chini, ndipo akatoa kitambaa cha kijani.